Bwana Mitaro wa Kiwanda cha Nguzo

Mvua ikianza kunyesha, watu wote kiwandani tulikimbilia ndani. Yeye ndipo alipotoka nje.

Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka kwanza, kabla ya mengine yote: koti refu la mvua lililopasuka kwapani, mabuti meusi ya mpira, na kreti la soda ambalo badala ya soda lilijaa chupa tupu. Alipita kando ya mitaro ameinama kama mtu aliyedondosha pete. Kila alipofika penye kona alisimama, akachota maji, akafunga kifuniko, akaandika kitu kwenye karatasi aliyoificha chini ya koti isilowe. Sisi tulimtazama kupitia dirisha la stoo. Mvua za bonde letu zikishuka sawasawa humwoni mtu aliye hatua ishirini mbele yako. Yeye alipotelea humo na kreti lake, akarudi baadaye anachuruzika, bila kumsemesha mtu.

"Huyu anaficha kitu," nilimwambia mwenzangu wa stoo siku ya kwanza. Niliendelea kumwambia hivyo kwa miaka minne.

Tulimwita Bwana Mitaro, kama watu wanavyosema bwana shamba au bwana afya. Cheo chake rasmi kilikuwa kirefu, kina neno mazingira katikati, lakini hata meneja alilizoea jina letu akalitumia kwenye vikao. Kwao ni wapi sikuwahi kuelewa. Wengine walisema upande wa Mahenge, wengine walisema mbali zaidi. Mimi nilikuwa na mambo mengine ya kumwuliza.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Ifakara, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea mashamba ya mpunga. Tulitengeneza nguzo za umeme. Malori yalileta miti ya mikaratusi, ikachunwa magome, ikakaushwa, kisha ikasukumwa ndani ya tangi refu la chuma lililolazwa chini. Humo ilishindiliwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Nguzo iliingia nyeupe ikatoka ya kijani, inadondosha matone. Ilitakiwa ilale juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, mpaka iache kuchuruzika, na matone yale yakusanywe yarudi kwenye pipa. Dawa yenyewe niliitunza mimi, nyuma ya mlango wenye picha ya fuvu, na sikuruhusiwa kuigusa bila glavu.

Chini ya kiwanda, ng'ambo ya ukuta, lilikuwa shamba la mama yangu.

Sasa unaelewa kwa nini nilimwangalia sana mtu aliyekuwa na ufunguo wa bwawa. Maji yote ya uwanjani yalikusanywa na mitaro yakapelekwa kwenye bwawa la saruji lililokuwa pembeni, yatulie humo, taka zizame, yapimwe. Yakiwa mazuri yalifunguliwa yaende bondeni. Yakiwa mabaya yalibaki. Kulikuwa na koki moja kubwa ya kuyafungulia, imefungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo wa kufuli lile ulining'inia shingoni kwa Bwana Mitaro, kwenye kamba moja na rozari yake.

Kwa mama, mpunga wa kona ya juu, iliyo karibu na ukuta, ulikuwa unageuka njano kabla ya kuchanua. Mwaka wa kwanza alilaumu mbegu. Mwaka wa pili alisema shamba limechoka. Miguu yake ilianza kuwasha na kupasuka ngozi kila alipotoka kupalilia upande ule, naye akapaka mafuta ya nazi akanyamaza. Mama ni mtu wa kunyamaza. Lakini wenye mashamba jirani hawakunyamaza. Walisema kiwanda kimeajiri mtu maalumu wa kuvizia mvua kubwa, ikishuka afungue koki, sumu iende na mafuriko pasipo mtu kujua. Walimtaja kwa maumbile: mrefu, koti limepasuka, kreti mkononi.

Na mimi niliyekuwa ndani nilizidi kumwangalia.

* * *

Alikuwa na maneno yake. La kwanza ambalo kila mfanyakazi mpya alilisikia ni "Fagia, usioshe." Ukimwaga kitu uwanjani, iwe dizeli, iwe dawa, iwe vumbi la mbao, unaleta maranda, unamwaga juu, yananyonya, unafagia, unatia kwenye pipa lenye mfuniko. Ukichukua mpira wa maji ukaosha, kwake umetenda dhambi. "Umesafisha nini?" aliuliza. "Umekihamisha tu. Kimekwenda kwa nani?"

Siku moja dereva wa meneja aliamua kuosha gari la bosi wake katikati ya uwanja. Alikwisha kulipaka povu lote, madirisha na magurudumu, maji yakakatika. Akapiga kelele. Alipogeuka akamwona Bwana Mitaro amesimama kwenye bomba, mkono juu ya koki.

"Mzee, fungua bwana, povu linakauka!"

"Likauke."

"Meneja anakwenda Morogoro sasa hivi!"

"Aende na povu."

Meneja alikwenda na povu. Tulicheka wiki nzima, naye hakucheka hata kidogo. Kesho yake alichora mstari mweupe kando ya geti, mahali pa kuoshea magari, palipokuwa na shimo lake la kuchujia mafuta.

Hakuamini maji meupe. Maji yakitoka na tope au rangi alitulia, aliyachota bila haraka. Yakitoka meupe kabisa, yanang'aa, alikunja uso. "Haya ndiyo ya kuyauliza maswali," alisema. Hakuamini mabomba yaliyofukiwa, wala michoro ya wajenzi, wala mtu anayesema "kila siku tunafanya hivi." Mvua ya kwanza ya msimu aliiogopa kuliko zote, maana ndiyo inayobeba uchafu uliolala uwanjani kiangazi kizima. Wiki moja kabla ya mawingu kujaa alitutoa wote, hadi makarani, tukafagia uwanja mkavu kutoka ukuta hadi ukuta. Alifunga gata kwenye mapaa yote ili maji ya bati yaende zake moja kwa moja, yasikanyage uwanja. "Maji ya bati hayana kosa," alitufundisha. "Msiyakutanishe na wakosaji."

Asubuhi za kiangazi alikuwa anafanya jambo lililowaudhi mafundi. Alikusanya wafanyakazi wa zamu, akamwaga chini kikombe cha maji yenye rangi ya juisi, akamchagua mmoja. "Ninyi mnasema mnafahamu kiwanda hiki. Haya, maji haya yakipata mvua yatakwenda wapi? Nenda nayo." Yule mtu alilazimika kutembea, akifuata mteremko, mtaro kwa mtaro, mpaka afike bwawani. Akikosea, alirudishwa mwanzo. Mimi mwenyewe nilitembezwa mara mbili. Nilipofika bwawani mara ya pili aliniuliza kama nina uhakika maji yanaishia pale.

"Si ndivyo ulivyotuambia, mzee?"

"Mimi nimekuambia. Wewe umeona?"

Nilirudi stoo nimekasirika. Leo najua kwamba alipouliza vile alikuwa tayari na shaka yake. Siku ile nilidhani ananikejeli.

* * *

Lakini mtu huyu aliyemkatia bosi maji alikuwa na nyumba ambayo hungetaka kuingia. Nilipelekwa pale mara moja kumpa barua, alikuwa anaumwa malaria. Uani kulikuwa na matairi, makopo, ndoo zilizopasuka, na gata moja limening'inia nusu, likimwaga maji ukutani hadi ukuta ukaota ukungu wa kijani. Alikula miwa akitafuna na kutema makapi popote alipokaa. Kanisani alikuja kila Jumapili, akasimama mlangoni misa nzima, akaondoka kabla ya matangazo. Kwenye jumuiya alichangia kazi lakini hakusoma sala kwa sauti.

Alipenda vyura. Hili lilikuwa jambo la kuchekesha kwa mtu mzima wa umri wake. Asubuhi akifika, kabla ya kusaini kitabu, alikwenda kusimama kwenye ukingo wa bwawa akasikiliza. Wakiimba, alikuja kusalimia. Wakinyamaza, hukumwona mpaka saa nne.

"Shikamoo, mzee. Leo wanasemaje?" tulimtania.

"Marahaba. Leo wanalalamika," alijibu, kwa uso wa mtu anayetoa taarifa.

Kisha kuna jambo la samaki, ambalo lilinifanya nisimwamini kabisa.

Wakaguzi wa mazingira walikuwa wanakuja kesho yake. Jioni, wafanyakazi wakiwa wanatoka, nilimwona Bwana Mitaro anaingia geti la nyuma na ndoo mbili zilizofunikwa majani. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda bwawani, akainamisha ndoo moja, kisha ya pili. Perege. Perege wazima, wakubwa, wale wanaouzwa sokoni. Waliruka kidogo kisha wakatulia kwenye maji.

Kesho yake meneja aliwapeleka wakaguzi bwawani. "Mnaona wenyewe," alisema, "samaki wanaishi humu." Wakaguzi walipiga picha. Mmoja aliuliza swali kuhusu vipimo, meneja akamwelekeza kwa Bwana Mitaro, naye Bwana Mitaro akampa karatasi. Sijui ilikuwa imeandikwa nini. Siku ya tatu samaki walielea, matumbo juu. Aliwatoa mmoja mmoja kwa wavu, akachimba shimo nyuma ya tanuri la kukaushia mbao, akawazika humo wote. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo. Aliponiona hakushtuka.

"Nani alikutuma?" nilimwuliza. Sikumwamkia siku ile.

"Meneja."

"Na wewe ukakubali."

Alikanyaga udongo kwa buti lake usawazike. "Nilikubali," alisema. Akachukua jembe akaondoka.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, akasema, "Mtu anayezika samaki badala ya kuwatupa, huyo si wa kumwelewa haraka." Mimi niliona nimeshamwelewa vya kutosha.

* * *

Masika ya mwaka ule ilianza kwa nguvu. Asubuhi moja, mvua ikiwa imepungua, Bwana Mitaro aliingia stoo kuchukua glavu mpya. Alipoinua mkono niliona vidole vyake ni vyekundu, vyekundu hadi kwenye viganja.

"Umejikata, mzee?"

"Hapana."

"Sasa hiyo nini?"

"Rangi." Akavaa glavu juu ya wekundu ule, akatoka.

Stoo yangu haikuwa na rangi nyekundu. Sisi tulikuwa na ya njano ya kuandikia namba za nguzo, basi. Nilibaki naiwaza rangi ile. Dawa yetu ni ya kijani. Mtu anayetaka kijani kisionekane kwenye maji atafanya nini? Atamwaga rangi nyingine juu yake, nilijijibu mwenyewe, na jibu lile lilinifanya niache kazi mezani niende kumwambia msimamizi. Sikufika. Getini kulikuwa na makelele.

Mama alikuwa amesimama nje ya geti, khanga imelowa hadi kiunoni, ndoo mkononi. Nyuma yake watu kama kumi na tano wa mashamba ya chini, wengine na majembe. Mlinzi alikuwa anajaribu kuwarudisha. Mama hakupiga kelele. Aliinua ndoo, akammiminia mlinzi miguuni, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela.

"Haya yametoka kwenye shamba langu," alisema. "Kona ya juu. Yanabubujika kutoka chini ya ukuta. Niambieni ni nini, kwa sababu nimesimama humo tangu alfajiri."

Meneja alitoka na mwavuli. Alisema maji yale hayawezi kuwa ya kiwanda, kwa kuwa maji ya kiwanda yote yanakwenda bwawani, na bwawa limefungwa, na koki ina kufuli. Alisema labda ni udongo wa kichuguu. Mtu mmoja akamwuliza kama anawaona wao ni watoto.

Ndipo Bwana Mitaro alipopita katikati ya walinzi. Alikuwa amevua glavu. Alinyanyua mikono yote miwili juu ili watu waione, myekundu.

"Rangi hiyo nimeimwaga mimi," alisema. "Leo alfajiri, kwenye shimo la maji lililo chini ya sakafu ya kuchuruzia nguzo. Haina sumu, ni ya kupimia mabomba. Ilitakiwa itokee bwawani. Nimesimama bwawani saa nzima sikuiona. Imetokea kwenu."

Kisha jiwe likampata begani, sijui lilitoka kwa nani. Watu walisogea. Mama ndiye aliyejiweka mbele yake, na ndoo yake tupu, akasema, "Mwacheni amalize."

"Kuna bomba," Bwana Mitaro alisema, ameshika bega. "Liko chini ya sakafu na halipo kwenye mchoro. Linapita pembeni ya bwawa. Kila mvua ikinyesha, yanayodondoka pale yanakuja huku."

Meneja alimwita kwa jina lake kamili, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Yeye hakugeuka. Alikuwa anamwangalia mama.

Siku iliyofuata walivunja sakafu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wenye mashamba wanne. Bomba lilikuwepo, la plastiki, limewekwa na wajenzi wa mwanzo ili kumwaga maji wakati wa ujenzi, likasahauliwa au likaachwa kusudi. Waliliziba kwa zege pande zote mbili. Sakafu ikajengwa upya, na ukuta mdogo wa kuzuia matone ukazungushwa. Kabla mwezi haujaisha Bwana Mitaro hakuwepo tena. Hakuaga. Tuliambiwa mkataba wake umekwisha.

Watu wa chini walioazimia kumpiga walianza kumsifu. Walisema alijitoa mhanga. Hata mwenzangu wa stoo alinicheka: "Si ulisema anaficha kitu?"

Ningeweza kukubali kwamba nilimkosea. Nilikuwa karibu kukubali. Ila nilipewa kazi ya kuondoa vitu vyake kwenye kabati, na kati ya chupa na karatasi zilizojikunja kwa unyevu nikakuta mchoro wa uwanja aliouchora mwenyewe kwa penseli. Mitaro yote ilikuwepo, na mishale ya maji. Chini ya sakafu ya kuchuruzia kulikuwa na mstari wa vitone unaokwenda hadi ukutani, hadi shambani kwa mama, na alama ya kuuliza pembeni yake.

Kilichonishtua kilikuwa kile ambacho mchoro haukuwa nacho. Banda jipya la kukaushia mbao halikuwemo. Banda lile lilijengwa kiangazi kilichopita, mabati yake niliyatoa mimi stoo. Mtu aliyechora uwanja bila banda aliuchora kabla ya banda. Maana yake aliujua mstari ule, au aliushuku, masika nzima kabla hajamwaga rangi. Masika ambayo mama alipanda, akapalilia, akavuna, tukala.

Niliukunja mchoro nikauweka kwenye mkoba. Sikumwonyesha mtu.

* * *

Nilimwona tena mwaka juzi, kijijini Mchombe. Mimi nilikuwa nimekwishaacha kiwanda, nikinunua mpunga vijijini na kuusafirisha. Kwenye mashine moja ya kukoboa nilikuta watu wanabishana na mzee aliyewakataza kumwaga oili chafu nyuma ya banda. Sauti niliitambua kabla sijamwona. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe. Alikuwa msimamizi wa mashine pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dada wa stoo!" Alifurahi kweli. Akaniletea kigoda, akaniuliza habari za mama.

Nilikuwa nimelipanga swali langu kwa miaka, kwa maneno mazuri. Likatoka bila mapambo. "Bomba lile ulilijua lini?"

Mashine ilikuwa inanguruma, pumba zinarushwa nje.

"Nilikuta mchoro wako," niliongeza. "Hauna banda."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. "Masika moja kabla," alisema. "Nililishuku. Vipimo vya bwawa vilionyesha dawa kidogo mno kuliko inayovuja sakafuni. Nikajua kuna maji mengine yanapotea. Nilimwambia meneja kwa mdomo. Akasema nisubiri kwanza, wasiharibu mkataba mkubwa. Nikasubiri."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kufukuzwa." Nilingoja aseme ana watoto, ana mgonjwa, ana nini. Hakusema.

"Mama alikula mpunga ule."

"Najua."

"Basi twende ukamwambie mwenyewe."

Nilitegemea akatae. Aliingia ndani, akabadili shati, akamwambia kijana wa mashine azime injini saa kumi, akapanda gari langu. Njia nzima hadi Michenga, kwa mama, hatukuzungumza zaidi ya kusema barabara mbaya.

Mama alikuwa uani. Alimtambua kabla hajafika mlangoni, akasimama, wakasalimiana kwa mikono miwili. Akamwekea kiti. Bwana Mitaro hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama: mchoro, meneja, kusubiri, hofu yake, hata samaki. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Nilikuwa natazama miguu yake, ile ngozi ambayo haikuwahi kurudi kuwa laini.

Alipomaliza, mama aliuliza swali moja.

"Na sasa? Shamba likoje sasa?"

"Sijui, mama."

"Bomba si mliziba?"

"Tuliziba. Lakini yaliyokwisha kuingia kwenye udongo sijui kama yametoka. Hakuna aliyepima."

Mama alinigeukia mimi. Shamba lile alikuwa amelikodisha, yeye miguu haimruhusu tena. Analima dada mmoja kutoka upande wa Mahenge, mwenye watoto watatu, na msimu ule alikuwa amefurahi kwamba kona ya juu imeanza kutoa mpunga wa kijani.

"Chai baadaye," mama alisema. "Twendeni."

Tulichimba udongo sehemu sita, Bwana Mitaro akiniongoza ni kina gani na umbali gani. Alitia kwenye mifuko, akaifunga. Mimi nilichukua mifuko mingine, nikachota kutoka mashimo yale yale, nikaifunga mwenyewe, nikaandika namba kwa mkono wangu. Aliniona. Nilimwambia wazi: "Ya kwako utapeleka maabara unayoijua. Ya kwangu nitapeleka kwingine."

"Fanya hivyo," alisema. Uso wake haukuonyesha kuumia wala kufurahi.

Majibu yake yalikuja kwanza, yangu yakafuata. Yalilingana. Sehemu kubwa ya shamba haikuwa na tatizo. Kona ya juu, tangu ukutani hadi hatua kama thelathini, ilikuwa bado na dawa. Bwana Mitaro aliandika kwa mkono wake, kwenye karatasi mbili, alichojua na alijua lini na nani alimwambia asubiri, akaweka sahihi. Karatasi hizo, pamoja na majibu, mama alizipeleka kiwandani akiwa na mwenyekiti wa kitongoji na yule dada wa Mahenge. Meneja wa zamani alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alizisoma mara mbili, akapiga simu, akasema wataondoa udongo ule kwa gharama zao na kuleta mwingine.

Walikuja kiangazi, vibarua wanane wamevaa glavu na mabuti, na lori lenye turubai. Mama aliketi kwenye kigoda juu ya tuta tangu asubuhi. Bwana Mitaro alikuja kutoka Mchombe kwa basi, akasimama upande wa pili wa shimo. Hakuna aliyemwita. Kila mmoja alikuwa anatazama majembe.

Jua lilipoanza kuinama, msimamizi wa vibarua alijifuta jasho, akaja kwa mama.

"Tumemaliza, mama. Tumefika kina tulichoambiwa."

Mama aliinama, akaangalia ukingo wa shimo kwa muda mrefu.

"Ongezeni kidogo," alisema.

Yule msimamizi alimgeukia Bwana Mitaro, kama mtu anayetafuta wa kumtetea.

"Si umesikia?" Bwana Mitaro alisema. "Chimbeni."